Aliyefungwa Atangulie Kula

Huyu fundi umeme ninayemsimulia ni jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja. Akikohoa usiku, mimi ndiye wa kumwambia pole asubuhi. Kwa hiyo usiniulize nimeyajuaje. Siku ile alitoka mchana, jua la kawaida, mkoba wa vifaa begani, akanipungia mkono nikiwa naanika nguo. Alikuwa anakwenda kukagua ukumbi. Nikamwambia kazi njema. Ningejua ni ukumbi upi, wallahi ningemshika nguo.

Chama chao cha wacheza gemu, ule mpira wa kwenye skrini, kilikuwa kinatafuta mahali pa kufanyia mashindano. Mwenyekiti wao ni kinyozi, mtu mwenye mdomo usio na breki, naye ndiye aliyeletewa habari kwamba ule ukumbi wa zamani umepakwa rangi upya, umewekwa feni na viti vizuri. Wanachama wote wakasema sawa. Ila kila mmoja akamsukumia mwenzake kazi ya kwenda kuutazama, maana waliukumbuka mwaka uliopita, siku ya fainali, na mdogo wake Fundi. Mwishowe wakaenda Kinyozi na Fundi mwenyewe.

Kijana yule walimwita Habanduki. Sheria ya chama ni moja: ukishinda unabaki kitini, ukifungwa unampisha mwenzako. Sasa yeye akishakaa, ndiyo amekaa. Siku ya fainali alikuwa anacheza na huyuhuyu Kinyozi, anaongoza mawili kwa moja, mara mchezaji wake akasimama katikati ya uwanja na mpira mguuni. Kinyozi akadhani ni madaha yake ya siku zote. "Cheza basi, bwana," akamwambia. Akarudia. Watu wakaangua kicheko. Kijana alikuwa amekaa vilevile, pedi ya kuchezea mkononi, macho kwenye skrini. Kumbe moyo ulikuwa umeshasimama. Wakazima mashine wakambeba, na ile mechi haikuisha.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kumfunga, dada yake, huyuhuyu Fundi, aliyemfundisha kushika pedi. Walipokuwa wadogo walikuwa hawasikii wakiitwa kula, kila mmoja anasema ngoja kwanza, ngoja kwanza, mpaka mama yao akachoka akatunga sheria yake: aliyefungwa anyanyuke, atangulie kula, na amwachie mshindi kipande kimoja cha nyama pembeni ya sahani. Ndivyo walivyokula utoto wao wote. Na baada ya mazishi mama hakuacha kupakua. Kila siku sahani ya mwanawe, kaifunika, kaiweka mezani. "Bado hajafungwa huyo," alikuwa akisema. Asubuhi ananipitishia mimi juu ya ukuta, niwape kuku. Nilikuwa napokea huku nikitazama pembeni.

Fundi alipoaga siku ile, mama alimfuata mlangoni. "Ukimkuta, mwambie chakula kipo."

"Haya, mama," Fundi akajibu. Angejibu nini kingine?

Msimamizi wa ukumbi aliwafungulia mlango, akamkabidhi Kinyozi ufunguo, akarudi nyuma. "Ingieni tu. Mimi hapa nje kuna upepo mzuri." Upepo wenyewe haukuwepo, hata jani halikutikisika.

Ndani palinukia rangi mbichi. Fundi akaanza kazi. Milango miwili mipana, inafunguka kwa nje, vizuri. Feni zinazunguka bila kelele. Akapita soketi moja moja na kipimo chake, umeme umetulia, hauruki. Kinyozi nyuma yake anamwaga maneno, hapa tutaweka jukwaa, pale watazamaji, wapenzi wa fujo tutawaweka karibu na choo. Walipofika kwenye nguzo ya kati, akanyamaza. Pale ndipo kilipokuwa kile kiti.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "ngoja nikaangalie pa kuweka jenereta."

Fundi alijua anakwenda kulia. Akamwambia, "Nenda, ndugu yangu."

Akabaki peke yake. Ilibaki kujaribu soketi ya pale nguzoni kwa mashine yenyewe ya gemu, ile ya chama waliyokuja nayo. Akaweka skrini mezani, akachomeka pedi mbili, moja akaishika, nyingine akaiweka upande wa pili, mbele ya kiti kitupu. Akawasha.

Mashine ile ilinunuliwa baada ya msiba. Ilitakiwa imuulize anachagua timu gani. Haikuuliza. Ilifungua mechi iliyokwishaanza. Mawili kwa moja. Mchezaji amesimama katikati ya uwanja, mpira mguuni.

Akatazama pedi ya pili. Taa yake ilikuwa inawaka. Kile kifimbo cha kidole gumba kikainama kidogo, kikarudi, kikainama tena.

Mpira ukarudishwa nyuma. Ukarudishwa tena, mpaka kwa kipa. Ndivyo alivyokuwa anamchokoza dada yake tangu wadogo, anaurudisha mpira uwanja mzima hadi kwa kipa, ndipo aanze kushambulia. Hakuna mtu mwingine anayecheza ujinga ule.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Kiti cha pili kikalia, kama mtu anajiweka sawa.

Mtu mwingine angekimbia. Na yeye miguu ilitaka. Lakini mwaka mzima alikuwa anamtamani mdogo wake hata katika ndoto, na ndotoni hakuja. Leo yuko hapa. Basi akacheza. Machozi yanatiririka, na katikati ya machozi akajikuta anacheka, maana kijana alikuwa bado na madaha yaleyale, anamzungukazunguka na mpira kama zamani sakafuni kwao. Akasawazisha bila hata kukusudia, mikono ilikumbuka yenyewe. Mawili kwa mawili.

Hapo ndipo alipoikumbuka sheria. Akikosa, atabaki naye. Akifunga, kijana atanyanyuka ampishe.

Akaacha kushambulia. Akawa anagusa mpira huku na huku, anapoteza muda makusudi. Saa ya kwenye skrini haikusogea. Aliona anaweza kukaa pale hadi azeeke. Angewaambia wenzake ukumbi haufai, nyaya zimeoza, nani angembishia? Angekuwa anakuja peke yake, na mdogo wake angekuwepo siku zote.

Baridi ikamgusa sikio la kulia. Halafu sauti. Ndogo, iliyochoka, ile ya alipokuwa mtoto.

"Dada. Nina njaa."

Mwaka mzima! Mwaka mzima ameketi pale, na chakula chake kimefunikwa nyumbani, na hakuna wa kumnyanyua.

"Chakula kipo," akasema. Akarudia. "Chakula kipo, mdogo wangu. Mama amekufunikia."

Akashambulia. Usidhani aliachiwa. Kijana alikaba kwa nguvu zake zote, kifimbo kinapindapinda, vitufe vinabonyea vyenyewe ta-ta-ta, kwa sababu yeye cha bure hakuwahi kumpa mtu. Fundi akampita beki mmoja. Akampita wa pili. Akafumba macho. Akapiga.

Taa ya pedi ya pili ikazimika.

Kiti kikasogea nyuma, polepole, miguu yake ikikwaruza sakafu. Kitu kikapita nyuma yake kikamgusa bega, kama mtu anayepenya kati ya viti. Hakugeuka. Mlango aliouacha wazi Kinyozi ukajirudisha taratibu.

Kinyozi aliporudi macho mekundu, alitazama skrini. Matatu kwa mawili. Akaitambua ile mechi, si ndiye aliyekuwa anaicheza? Akaweka kiganja kwenye kiti cha pili, akakiondoa upesi.

"Fundi. Kina joto."

"Zima mashine," akamwambia.

"Tuwaambieje wenzetu?"

"Waambie unafaa. Umeme uko sawa. Na kiti hicho sasa kiko wazi."

Alifika nyumbani jua halijazama. Alimkuta mama mezani, anakunja kile kitambaa cha kufunikia, anakikunjua, anakikunja tena. Mashavu yamelowa.

"Nilijilaza kidogo tu," mama akasema. "Nimeamka nimekuta hivi." Akamtazama. "Kumbe leo umemfunga."

Sahani ilikuwa nyeupe, imekombwa. Pembeni kabisa, upande anaokaa Fundi, kimesogezwa kipande kimoja cha nyama. Chakula kile kilipakuliwa mchana. Kipande kilikuwa bado cha moto.

Kesho yake nilisimama ukutani na bakuli langu, kuku wananizonga miguuni. Hakuna aliyeniita. Na hajaniita tena mpaka leo, mama haipakui ile sahani. Najua watu wa mtaa wetu wanasema nini. Wanasema yule mama alikula mwenyewe akasahau. Wengine wanasema paka. Paka gani, jamani, anayemaliza chakula akaacha nyama?

Nilimuuliza Fundi kile kipande alikifanya nini.

"Nilikila," akanijibu. "Ningefanyaje? Kilikuwa changu. Nilishinda."

Kisha akanishika mkono juu ya ukuta, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia kwake.