Mhariri Aliyehamia Kalifonia

Barua ya mama yake Zaitun ilifika Pumwani, mtaa wa Kalifonia, ikiwa imefungwa vizuri kwa gundi. Zaitun alipoifungua alikuta sentensi moja imekatwa kwa mstari wa buluu ulionyooka: "Shangazi yako Lela ni mzima, anakusalimu."

"Mama ana penseli ya buluu tangu lini?" alimuuliza mumewe.

Muhidin akacheka tu. Siku ya tatu ikaja telegramu kutoka Mombasa. Bi Lela amefariki.

Huo ulikuwa mwaka wa 1981. Muhidin aliuza majarida makuukuu kando ya barabara karibu na Muthurwa, na ya Kimarekani ndiyo yaliyokuwa maradhi yake. Mteja akisimama kutazama picha ya gari, alipewa darsa zima: jinsi majarida ya huko yalivyoanza kwa kunakili habari za Waingereza bila haya, jinsi matangazo ya sabuni yalivyokuja kuyalisha, jinsi zamani makala mengi yalivyochapwa bila jina, mhariri peke yake akijua nani kaandika nini. "Mhariri ndiye mwenye nyumba," alikuwa akisema. "Wengine wote ni wapangaji." Majirani walimwita Bwana Amerika, naye akavimba kichwa. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Siku moja kabla ya barua ile, alikuwa ameleta nyumbani sanduku la matoleo ya jarida moja la Boston la karne ya kumi na tisa, alilopewa na Mmarekani aliyekuwa akihama. Chini kabisa palikuwa na penseli ya buluu, ile wahariri wa huko waliyokatia maneno, fupi, yenye alama za meno. Akaitia kwenye kikombe juu ya kabati, iwe pambo.

Tangu hapo nyumba ikanuka gundi kuukuu na tumbaku ya kiko, na humo ndani hakuna avutaye. Kila siku baada ya alasiri, Muhiba, binti yao wa pekee wa miaka saba, akiwa bado madrasa, Zaitun alimsikia mtu akisafisha koo chumbani, kisha kitu kikikwaruza karatasi. Kwenye daftari la Muhiba palikuwa na maneno: "Tuna paka mweupe." Yalipitishwa mstari. Paka hakuonekana tena, hata unyoya wake.

Muhidin akayapekua yale majarida, kisha akamfuata mkewe jikoni.

"Mama Muhiba," alinong'ona, "nimesoma toleo la mwisho. Mhariri wao alikaa kwenye kiti kimoja miaka thelathini na minane. Walitaka kumstaafisha, akakataa kutoka. Wakamkuta amekufa mezani, penseli mkononi. Ameshakata nusu ya tangazo la kifo chake mwenyewe."

"Na wewe ukatuletea huyo hapa."

"Sikujua."

"Hukujua! Amerika nzima unaijua wewe, huyu ndiye hukumjua?"

Walichoma penseli, sanduku na kila kilichokuwamo. Kesho yake, alasiri, mkwaruzo ukarudi pale pale. Ndipo Zaitun akapiga marufuku maandishi. Alitoa kalenda ukutani, madaftari ya mtoto akayapeleka kwa jirani, majani ya chai akayamimina kwenye kopo lisilo na maandishi na unga kwenye ndoo. Kisichoandikwa, alijiambia, hakikatwi.

Kisha Muhiba akashikwa na homa. Hospitali walipima damu wasione kitu. Siku ya saba alikuwa hamezi, macho nusu wazi. Muhidin akaenda kumwita Maalim Idarusi, akamsimulia yote.

Maalim alikuja baada ya sala ya alasiri. Akaomba sahani nyeupe na zafarani, akaandika aya za kombe, za kuoshwa kwa maji anywe mgonjwa, taratibu, huku akisoma. Kisha akauliza, kama waulizavyo maalim wote, jina la mgonjwa na la mamake.

Zaitun akamzuia. "Maalim, humu ndani hatuandiki majina."

"Hii si barua, mwanangu. Jina linakaa chini ya maneno ya Mungu. Nani atalifikia?"

Nani angebishana naye? Akaandika: Muhiba binti Zaitun.

Harufu ya tumbaku ikajaa chumba, mtu asiyeonekana akasafisha koo karibu kabisa na sikio la Zaitun, na pale kwenye sahani, mbele ya macho yao watatu, mstari wa buluu ukaanza kutembea kutoka kulia kwenda kushoto kama mtu aijuaye kusoma hati ile ya Kiarabu, ukilia juu ya kaure hadi meno yakauma, ukaziacha aya bila kuzigusa, ukaliruka jina la mtoto, ukayakata maneno mawili ya mwisho: binti Zaitun.

"Nimekosa," Maalim alisema. "Kombe hili lisinywewe. Nitalivunja."

"Jina la mwanangu ni salama?"

"Ni salama. Lililokatwa ni lako."

Zaitun akamkumbuka Bi Lela, akalia kwa furaha. "Alhamdulillahi! Basi ni mimi. Tia maji, Maalim."

"Zaitun, ngoja," Muhidin alisihi.

"Baba Muhiba, dawa yake imo humo. Nikienda mimi, utamlea."

Akaiosha sahani mwenyewe, akamnywesha mtoto mafunda matatu. Kisha akajilaza kando yake, akatoa shahada, akangoja kufa.

Adhana ya magharibi ikapita. Muhiba akatoka jasho, akaketi, macho yake meupe na mazima, akaomba uji. Zaitun akajigusa kifua, akakuta bado anapumua. Akamkumbatia mtoto huku anacheka na kulia pamoja.

Muhiba akajitoa mikononi mwake taratibu, kwa adabu aliyofunzwa.

"Shikamoo," alisema. Kisha akamgeukia Muhidin. "Baba, huyu mama ni nani?"

"Ni mamako, Muhiba."

"Hapana. Mama yuko wapi?"

Maalim aliinamisha kichwa. Alisoma tena, akasoma mpaka sauti ikamkauka, na mwisho akasema kilichokwisha kunywewa yeye hana uwezo wa kukitoa. Zaitun akamwimbia mtoto nyimbo zake zote za kumlaza, akamwonyesha kovu la siku aliyomzaa. Muhiba alizidi kulia, akimwita mamake, akimsukuma yule mwanamke aliyemshika, mpaka Muhidin akamwomba mkewe atoke nje kidogo.

Zaitun akatoka, akaufunga mlango. Ndani, mtoto akanyamaza.