Sanda Iliyopungua Miguuni

Njiwa wa kwanza alitoka na vidole.

Kaari aliinua fremu ya wavu ya kuchapia, akaitazama tena ile leso mezani. Wino haukuwa umevuja. Lakini mahali pa njiwa palikuwa na wayo wa mtu, mwembamba, wa kizee. Akaosha fremu, akavuta wino upya. Wayo wa pili ukatoka mbele ya ule wa kwanza, kama unatembea.

"Wewe Kaari, mbona kwako kunanuka kafuri?" akasema Kawira, katibu wa akina mama wa kanisa, aliyekuja kuulizia leso za Jumapili ya Mavuno. "Ama siku hizi unaosha maiti?" Akaenda zake akicheka.

Kaari hakucheka. Nyuma ya pazia la kibanda chake hapo sokoni Maua, jua la mchana likiwaka, kitu kilikuwa kinakwaruza sakafu, kwaru, kwaru, kama nyasi kavu zinazoburutwa na mtu asiyeinua miguu, na kila alipojitia kupanga rangi ili asikisikie kilisogea, kikasimama karibu na visigino vyake, baridi ikampanda hadi magotini.

Kafuri aliijua. Jirani yake Dhahabo alikuwa amemwachia bafta nyeupe, nguo ya pamba iliyotiwa kafuri, amtunzie, sanda ya mama yake mgonjwa. Mchapaji hujaribu wino kwanza kwenye kitambaa kibovu, na siku moja Kaari hakuwa na kibovu. Akakata pindo la sanda, tena akakata zaidi ya alichohitaji. Mama akazikwa. Kaari akanyamaza.

Leso zilipoharibika zote, akaenda kwa Dhahabo, macho chini.

"Dada, ni mimi nilikata sanda ya mama."

Dhahabo alimaliza kumjazia kikombe cha chai, akaweka birika chini. "Niliivuta ile nguo, ikakataa kufika miguuni. Tukamfunika na nyasi. Nikaenda kumtukana mwenye duka aliyeniuzia mbele ya watu, nikamwita mwizi. Kumbe mwizi anakunywa chai yangu."

Dhahabo akamwita Sheikh Abdisalam, akaja kibandani akasoma Kurani.

"Marehemu amepumzika," sheikh akasema polepole. "Hili ni jini, limeingia kwa mlango ulioufungua wewe. Rudisha kila kipande. Ni hiki tu?"

Kaari akatazama kipande chenye wino mkononi mwake. "Ni hiki tu, sheikh."

Mungu atusamehe. Mtu hutubu nusu, akadhani amemaliza.

Kikazikwa kwenye kaburi, upande wa miguu. Njiwa wakarudi kuwa njiwa.

Jumapili ya Mavuno akina mama waling'aa. Mchungaji akamsifu Kaari kwa leso, akamsifu pia kwa kitambaa cha meza ya Bwana, sadaka yake, kile alichokitia pindo la ile bafta nyeupe iliyobaki. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa nafasi ya kusimama aseme. Akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Harufu ya kafuri ikashuka kutoka mezani. Chini ya wimbo, kwaru, kwaru, ikifuata njia ya katikati.

"Kaari," Kawira akanong'ona, "huyo mama mzee asiye na viatu ni mgeni wako? Anakuja kwako."