Hodi Ndani ya Spika

Neno lenyewe lilikuwa "hodi", na kwa miaka sita hakuna aliyelisikia kwenye kanda ile.

Kanda ilikuwa ya marehemu Anifa. Aliirekodi kwao Kondoa akiwa na mimba ya miezi minane, akampa kondakta wa basi amfikishie mumewe Dodoma badala ya barua. Siku tatu baada ya kumzaa Yusra, akafariki. Mumewe Mrisho, karani wa ghala la reli, alizika, akarudi kazini, moyo ukafa ganzi. Hakulia. Watu walimsifu kwa subira, nao hawakujua wanasifu nini.

Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu: Yusra hakuijua sauti ya mama yake. Kwenye redio kaseti ya zamani Anifa alisikika kama mtu anayesema ndani ya gunia. Mtoto alisikiliza kidogo kwa adabu, kisha akaenda kucheza. Basi mwaka ule wa tisini na mbili, maduka ya mjini yalipojaa vitu vya Dubai ambavyo zamani tuliviona kwa wakubwa tu, Mrisho alichukua akiba yake, isiyo ya tajiri wala ya fukara, akaenda kutafuta spika nzuri.

Dukani kwa Abdulnasiri zilipangwa spika ndefu zenye taa za kuwakawaka, na vijana walizizunguka wakizitamani. Abdulnasiri alikuwa mfanyabiashara wa ajabu, maana aliwakataza wateja kununua upuuzi. Alimvuta Mrisho pembeni.

"Hizo ni za mdundo," alisema. "Wewe unataka sauti ya mtu."

Akamwonyesha mbili fupi za mbao, nzito, hazina hata taa moja, zilizoachwa na mtu aliyehama mji. Akaligonga boksi ubavuni kwa kidole, mara tatu. "Unasikia? Haliitikii. Boksi likiitikia linaongeza maneno yake, sauti inaharibika." Akamshauri asinunue kabla ya kuzisikiliza kwa kanda yake mwenyewe. Lakini umeme ulikuwa umekatika mji mzima, na Mrisho hakuwa na nguvu ya kurudi kesho. Bei ilimfaa. Akazichukua.

Jumamosi saa saba mchana aliunganisha nyaya, akamkalisha Yusra mkekani katikati ya spika mbili, akabonyeza. Anifa alisema kana kwamba yuko chumbani. Hata mate aliyomeza yalisikika. Alisalimia, akaeleza habari za shamba la mama yake. Kisha, pale ambapo siku zote Mrisho alidhani mkewe aliishiwa pumzi, ikasikika mbali nyuma yake sauti ya mtu mlangoni.

"Hodi."

Anifa alinyamaza. Hakujibu. Akaendelea kwa sauti ya chini.

Mrisho alikuwa ameinama akikunja waya, mawazo yake hayapo. Alijibu kama anavyojibu yeyote aliyelelewa: "Karibu, pita ndani."

Alipotambua alichofanya alijicheka kidogo, akarudisha kanda nyuma ili asikie vizuri. Anifa alisema, akanyamaza, akaendelea. Hodi haikuwepo tena.

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka udongo uliolowa, na ilikuwa Septemba, Dodoma haijaona tone la mvua tangu Aprili. Yusra akawa hagusi chakula, akisema mgeni hajamaliza kula. Mrisho alichomoa nyaya za spika, na bado kila mchana, jua likiwa utosini na majirani wamelala, kile kitambaa cheusi cha mbele ya spika kilivutwa ndani taratibu na kusukumwa nje taratibu, ndani na nje, huku mtoto akikonda mbele ya sahani iliyojaa, na baba yake akitazama, akijua kwamba anapaswa kuogopa, akiutafuta woga wenyewe kifuani asiuone.

Wiki ya pili alimwita mjomba wa Anifa, Mwalimu Imrani wa Kondoa, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini. Mzee aliitikia shikamoo, akanusa hewa, akauliza nani alimkaribisha. Mrisho akakiri.

"Mwenzako alimsikia akamnyamazia," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Binadamu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Huyu haendi. Sasa atoke alikoingilia. Ifute kanda."

"Sina sauti yake nyingine, mjomba."

"Najua. Na kitakachofutwa ataondoka nacho, huyo hatoki mikono mitupu. Chagua."

Mrisho alimtazama Yusra, amelala mkekani, shingo imekuwa nyembamba. Akaitia kanda mashineni, akabonyeza kurekodi, na Mwalimu akasoma kisomo chake mpaka utepe ukaisha. Harufu ikakatika. Jioni ile Yusra aliomba ugali, akaongezwa. Kabla ya kupanda basi, Mwalimu alimwonya Mrisho kwamba hodi ya mchana ya mtu asiyemwona asiijibu kamwe.

Waliishi hivyo. Majirani walilalamika kwamba nyumba ile imeota kiburi, unapiga hodi mpaka uchungulie dirishani.

Jumamosi moja ya Novemba, saa saba, baba na mwana walikuwa wakila. Mlangoni mtu akapiga hodi. Mrisho akaacha tonge hewani. Hodi ya pili ilikuja, na kabla ya ya tatu alikuwa ameshaijua sauti, safi, karibu, na mate yakimezwa katikati. Ya tatu ikapita. Alingoja aende zake.

"Hodi," akasema Anifa mara ya nne.

Kitu kilipasuka kifuani mwa Mrisho, na machozi ya miaka sita yakamwagika kwenye sahani.

"Baba," Yusra alinong'ona, "nani huyo?"

"Mama yako," alisema Mrisho, akainuka kwenda kuondoa komeo.