Tawi Lililobaki Kijani

"Chagueni sasa, akina mama, rangi mnaiona! Kununua mti wakati wa kiangazi, yote ikiwa kijani, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia!"

Sauti ile ilimkuta Ismenia katikati ya msongamano wa soko la Temuco, kitunguu mkononi. Hakuhitaji kugeuka. Ni Yerko, mchumba wake aliyekwenda migodini kaskazini, kisha akawa kimya hata mama yake Ismenia alipozikwa.

Alingoja moyo umruke. Haukuruka. Akalipia vitunguu.

"Mwembamba wangu!" Yerko alivuka miche ambayo baridi ilikuwa imeyageuza majani yake kuwa mekundu na ya zambarau, sweta lake la kijivu limejaa udongo. "Unanipita kama nguzo ya umeme?"

"Nguzo haiahidi kitu. Umerudi lini?"

"Juzi. Namsaidia mjomba kuuza miche. Ismenia, nilipiga simu. Kaka yako akasema hutaki hata kusikia jina langu."

"Sikumtuma."

"Kwa hiyo ulitaka?"

"Sikutaka chochote, Yerko. Mwaka ule sikutaka hata chumvi kwenye supu."

Alisema kama mtu anayesoma bei ya viazi. Yerko akavua kofia.

"Kama umenitoa moyoni, leo jioni napanda basi narudi mgodini, wala sitakusumbua tena. Kama bado nimo, nabaki. Nimo?"

"Sijui. Nikitafuta ndani sikuti kitu."

"Basi nionyeshe mti wetu, nikauage."

Walitembea kwenye mvua hadi nyumbani kwa Ismenia, chini ya mwavuli mmoja, bila kugusana. Uani, mti wa mapambo walioupanda pamoja ulikuwa umewaka mwekundu toka kileleni hadi chini, isipokuwa tawi moja karibu na mlango. Hilo lilikuwa bado kijani kabisa, kama la kiangazi cha Januari.

"Linaumwa?" Ismenia aliuliza.

Yerko aliitazama taa iliyo juu ya mlango. "Hii inawaka usiku?"

"Kila usiku."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu uondoke. Ulikuwa ukichelewa unashindwa kuona tundu la ufunguo. Mazoea tu."

"Mpenzi, tawi likimulikwa usiku halijui kwamba mchana umefupika na baridi imeingia. Linadhani kiangazi hakijaisha."

"Jinga hilo."

"Jinga sana," Yerko alisema.

Ismenia alilishika jani la kijani. Lilikuwa limelowa, baridi kama bati. Machozi hayakuja. Vidole tu vilianza kumuuma, naye akashangaa, kwa maana ilikuwa muda mrefu hajaumwa mahali popote.

"Basi lako litakuacha," alisema.

"Niliache?"

"Kuna mkate. Parachichi utamenya wewe." Akafungua mlango. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Na bado sisikii kitu. Vidole tu."

"Nitangoja."

"Ngojea jikoni basi. Hapa nje kuna baridi, na vua viatu."