Goti la Twiga

Mlango wa lifti ya hospitali ulifunguka, watu wakasukumana. Twiga, nyota wa mpira wa kikapu, aliingia na magongo yake, akamkanyaga dada mmoja mwenye sare ya kijani na raba nyeupe pee.

"Kaka, umeniumiza! Au huko juu hatuonekani?"

"Samahani, mrembo. Huku juu kuna mawingu."

Lifti nzima ikacheka. Kumbe dada huyo ndiye mtaalamu wa viungo aliyepangiwa kumfanyisha mazoezi baada ya upasuaji wa goti! Mapenzi yakaota hapo hapo, simu zikawa haziishi.

"Umelala, kipenzi?"

"Nitalalaje, na wewe unapiga kila saa?"

Lakini kocha naye alikuwa anapiga. Fainali ilikaribia, na timu ikichoka kusubiri ingesajili mtu mwingine. Ndipo Twiga akafanya ujinga wake. Kabla ya kila mazoezi alimeza dawa za maumivu kwa siri. Akiulizwa, "Inauma?" anajibu, "Wala!" Na binti wa watu, ambaye kipimo chake ni maumivu ya mgonjwa, akaongeza uzito mguuni, akaongeza tena. Jamani, unamfichaje anayekutibu? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi moja dada huyo alilikuta goti limevimba, lina moto. Akabonyeza mahali ambapo hata mtu mzima angeruka. Twiga akatabasamu.

Dada wa watu akauondoa mkono haraka. "Umemeza nini?"

"Mpenzi..."

"Nimekuuliza, umemeza nini?"

"Vidonge. Nilitaka uone napona."

"Kumbe nimekuwa nakuvunja kwa mikono yangu mwenyewe!" Akatoka akilia, na simu za Twiga hakupokea.

Jioni daktari wa upasuaji alimwonyesha dada huyo picha za goti. Walichokishona kilikuwa kimechanika, na Twiga angepasuliwa tena kesho yake.

"Atacheza tena?" aliuliza.

"Hilo siwezi kukuahidi. Kwanza tuombe atembee sawasawa."

Dada aliingia wodini macho mekundu, akamweleza Twiga yote bila kupunguza neno. Twiga alisikiliza, miguu yake mirefu imepita mwisho wa kitanda. Simu ikaita. Kocha.

"Pokea wewe," Twiga alimwomba. "Mimi siwezi."

"Nipokee nimwambie nini? Mimi umenidanganya, na yeye usimdanganye."

Twiga akapokea. "Kocha... tafuta mtu mwingine." Akaizima simu, akageukia ukutani.

"Na wewe?" aliuliza. "Utatafuta mwingine?"

"Nyamaza. Bado nina hasira na wewe."

"Lakini?"

"Lakini sogea huko nikae."

Twiga akasogea, goti likamchoma, akapiga yowe hadi wodi nzima ikageuka. Safari hii hakuficha. Mpenzi wake akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu aujue uongo wake, akamwamini.