Msusi wa Nyaya

Jioni moja ya mwaka 1996, Mejumaa alishuka feri upande wa kisiwani huku akisoma kitabu, jambo ambalo mwenye akili zake halifanyi. Wauza karanga walimkwepa, baiskeli zikampigia kengele, na mama mmoja mwenye kapu la samaki akamwombea Mungu amrudishie macho. Yeye hakuinua kichwa. Alikuwa ametoka Likoni kumsuka bibi harusi, vidole vikimuuma, na kitabu kilikuwa kimefika pale kompyuta moja inapozungumza na nyingine kwa waya.

"Dada, mbele yako pana lori," sauti ikasema ubavuni pake. "Nakwambia tu, usije ukasema hukuambiwa."

Kweli lilikuwapo. Mejumaa akageuka, akamwona kijana mrefu mwenye shati la drafti la buluu lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye mikono, na uso uliokuwa ukijizuia kucheka. Aliitwa Chirau, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na alikuwa akirudi kwao Likoni. Alitaka kujua ni kitabu gani hicho kitamu kiasi cha mtu kufa nacho.

Waliposimama kwenye kibanda cha maji ya madafu, walikwisha kuambiana mengi. Mejumaa alikuwa msusi wa Tudor kwa miaka saba, na kila Jumamosi alisomea kompyuta. Shoga zake walimcheka, wakamwuliza kama mashine nazo zina nywele. Chirau hakucheka. Aliacha feri mbili ziende bila yeye, akamweleza kwamba fundi wao wa kompyuta amehamia Dubai, na tajiri wao, Bwana Zein, anatafuta mtu wa kuanza naye chini kabisa.

"Mimi sijawahi kuifanya kazi hiyo," Mejumaa akasema.

"Na huyo alokwenda Dubai hakuzaliwa nayo."

Ofisi ilikuwa Ndia Kuu, Mji wa Kale, juu ya ngazi za mbao zilizolalamika kila zikikanyagwa. Kompyuta saba ziliungwa kwa waya na moja kubwa iliyofungiwa katika chumba kidogo chenye joto. Hiyo waliiita seva. Ilitunza mafaili ya wote, na yenyewe iliandika nani kafungua lipi na saa ngapi. Bwana Zein, mzee mwembamba wa kanzu nyeupe na miwani ya kamba, alimpa Mejumaa waya wenye nyuzi nane za rangi, akamwambia azipange kichwani mwa kiungio kwa utaratibu wake. Mtu aliyesuka nywele za nusu ya Tudor atashindwa na nyuzi nane? Alimaliza kabla kahawa haijamiminwa. Bwana Zein akampa miezi mitatu ya majaribio, akisema atakayoyaona ndiyo yatakayomwandikia barua ya kazi.

Siku hiyo hiyo Mejumaa aligundua kwamba betri ndogo ya seva imekufa, akaibadilisha. Seva ikamwuliza saa. Akapaza sauti kuwauliza wenzake, wakamjibu, akaandika. Moyo wake ulikuwa unaruka kwa furaha kiasi kwamba hata angeambiwa mwaka wowote ule, angeandika tu.

Siku zikawa tamu. Aliacha mafuta ya nazi, akajifunza kunusa waya unaoungua. Simu ya chumba cha seva ililia mara tatu kwa siku, na mara zote tatu alijua ni nani.

"Fundi wangu, kompyuta yangu yaumwa."

"Yaumwa nini?"

"Haijakuona tangu asubuhi."

"Mpe pole. Mwambie nna kazi."

Kila Ijumaa baada ya kazi walikwenda hadi nyuma ya Ngome ya Yesu, wakala viazi vya karai kwa ukwaju, Chirau akimweleza makasha ya bandarini na Mejumaa akimweleza mambo ambayo Chirau hakuyaelewa hata kidogo lakini aliyasikiliza yote. Mejumaa alimpenda. Alijua hivyo siku aliyojikuta anapaka wanja kwa ajili ya kwenda kubadilisha kebo mezani kwa Chirau.

Wiki ya mwisho ya majaribio yake, bei ambazo kampuni iliziandaa kwa zabuni kubwa ya saruji zilifika mikononi mwa washindani. Aliyezipeleka alitumia faksi ya ofisi ya Bwana Zein yenyewe, Jumanne, na faksi ilichapa saa kwenye kikaratasi chake cha risiti: 9:35. Bwana Zein alimwita Mejumaa, akamwekea kile kikaratasi mbele.

"Nitafutie nani alikuwa kalifungua faili la bei wakati huu."

Mejumaa alikwenda kwenye seva, akatafuta tarakimu zile, akazipata. Chirau, 9:20 hadi 9:50. Akauchapa ukurasa huo. Jumanne Chirau alimwambia kwamba tangu asubuhi hadi adhuhuri alikuwa bandarini, juani, akisubiri makasha. Na Morgan, karani wa mauzo mwenye tai nyekundu, alipoulizwa, akasema ndiyo, alimwona Chirau akirudi mara moja saa tatu na kitu, akipanda ngazi kwa kunyata.

Chirau aliambiwa akae nyumbani mpaka Ijumaa. Alimkuta Mejumaa kwenye ngazi.

"Wewe ndiwe uloichapa karatasi ile?"

"Ndimi. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi nimeielewa. Nakuuliza wewe. Wadhani niliuza bei za watu?"

Mejumaa alitaka kusema la. Badala yake akasema mashine haina sababu ya kumdanganya.

"Na mimi nnayo?" Chirau akauliza, akashuka ngazi. Jioni Mejumaa alipiga simu kwenye duka la jirani yao Likoni. Mwenye duka akarudi na jibu kwamba Chirau amesema hayupo.

Ijumaa asubuhi alifika wa kwanza, macho yamevimba, akaiwasha skrini. Ikamwandikia jina lake na saa aliyoingia: 2:04. Ni saa mbili na dakika nne, akajisemea, nimewahi. Kisha akaitazama tena. Saa mbili yetu mashine huiita nane. Kwa karibu miezi mitatu alikuwa akiiona hiyo mbili kila asubuhi, na moyo wake wa Kiswahili ukiisoma saa mbili na kuridhika. Siku ile ya kwanza wenzake walimwambia saa tatu na nusu, naye akaandika 3:30. Haraka haraka haina baraka. Seva nzima ilikuwa nyuma kwa saa sita.

Kwa hiyo ile 9:20 ya Chirau ilikuwa saa tisa ya alasiri, alipokuwa mezani pake mbele ya watu, akifanya kazi aliyotumwa. Alfajiri ya seva ndiyo asubuhi ya watu. Faksi ilikuwa na saa yake yenyewe, tena sahihi, na 9:35 yake kwenye seva ni 3:35. Akatafuta Jumanne, 3:35. Jina lililokuwapo lilikuwa la Morgan.

Hakuna aliyekuwa amefika. Angeweza kuirekebisha saa kimya kimya, na jioni angepewa barua yake ya kazi bila mtu kujua. Chirau angefukuzwa kwa wizi. Mejumaa hakukaa na wazo hilo hata dakika moja, lakini lilimpitia, na tusimtakase kupita kiasi. Kwanza alipiga simu Likoni, akamwambia mwenye duka amwambie Chirau kwamba Mejumaa ndiye aliyekosa, aje. Kisha akaenda kumsubiri Bwana Zein mlangoni.

Alimweleza yote, kosa lake mbele, Morgan nyuma. Bwana Zein alimwita Morgan. Alipoonyeshwa karatasi mbili, ya faksi na ya seva, Morgan alianza kwa kukana na kumaliza kwa kuomba asipelekwe polisi. Saa nne hakuwa tena mtu wa ofisi ile.

Kisha Bwana Zein akavua miwani.

"Ungeweza kunificha."

"Ningeweza, bwana."

"Barua sikupi leo. Umenifanya nimdhulumu mtu. Lakini mtu anayejitia hatarini ili asimwangamize mwenziwe, namtaka chumbani mle. Utaanza upya. Miezi mitatu mingine."

Mejumaa alitoka akiwa hajui acheke au alie. Chirau alikuwa amesimama kwenye ukumbi, jasho likimtoka kwa kukimbia, na alikuwa amesikia.

"Nilikushitaki," Mejumaa akasema. "Nilikuona mwongo. Niwie radhi."

"Iliniuma, sitakuficha. Ilinikosesha usingizi." Akajifuta jasho. "Ila uliponambia nije, nshakuwa njiani kabla mwenye duka hajamaliza maneno. Basi nikajua nimeshakwisha kwako."

"Bwana Zein kanirudisha kwenye majaribio."

"Yeye ana haki yake. Mimi sina miezi mitatu ya kukujaribu, Mejumaa. Jumapili wazee wangu waje Tudor kwa wazee wako?"

Makarani wote walikuwa wameacha kupiga chapa. Mejumaa alijisikia moto hadi masikioni, na furaha ikampanda ghafla, ikamzidi nguvu.

"Waje," akasema. "Lakini uwaambie waja kumposa fundi wa kompyuta. Msusi wa Tudor simjui tena."