Simu Isiyo na Ila

Simu ile ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomtia Sikio wasiwasi.

Sikio halikuwa jina lake. Alipachikwa na wenzake kazini kwa sababu kutwa nzima alikaa na hedifoni kichwani, katika chumba kidogo kisicho na dirisha, akizichunga simu za kampuni: za sauti tupu, na zile za video ambazo wakubwa hukutana bila kunyanyuka vitini. Skrini ilimwonyesha kila simu inavyokwenda, sauti inachelewa kiasi gani njiani, inakwaruza wapi, picha imeganda mara ngapi. Mwishoni kompyuta iliipa simu alama, kama mwalimu. Hakuna iliyowahi kupata zote. Sauti ni msafiri, na msafiri hafiki bila vumbi. Hata mkurugenzi, pamoja na cheo chake na tumbo lake, alifika akikwaruza.

Mbovu kuliko zote ilikuwa simu ya tawi la mbali, alikofanya kazi mdogo wake wa kike, mpokea wageni. Huyo ndiye aliyefungua kikao cha kila siku baada ya chakula cha mchana. "Halo, mnanisikia?" huuliza, na neno hufika limechanika vipande viwili. Ofisi nzima hujibu, "Tunakusikia," huku wakicheka. Sikio aliipenda sauti ile pamoja na mchaniko wake. Baba na mama walikwisha kuondoka duniani, na mdogo wake ndiye nyumba yote iliyobaki.

Siku hiyo "Halo, mnanisikia?" ilifika nzima.

"Tunakusikia," ofisi ikajibu.

"Leo umefanya kazi, Sikio," mkurugenzi akasema.

Sikio aliikodolea skrini macho. Kizuri hakikosi ila, na hii haikuwa na ila hata ya kusingizia. Alama zote. Kuchelewa, hakuna. Aliigonga skrini kwa kidole kama mtu anayegonga saa iliyosimama. Sauti itokayo mbali lazima ichelewe, hata kwa kupepesa jicho. Isiyochelewa kabisa haitoki mbali. Iko humu humu.

Ndipo aliponusa nywele zinazoungua. Akajipapasa kichwani, zake zilikuwa salama. Akaitazama picha. Mdogo wake alikuwa amefumba mdomo, macho yamemtoka, mkono kooni, na sauti yake iliendelea kusoma ajenda taratibu, bila kuvuta pumzi.

Alipompigia kwa simu ya mkononi, alisikia mhemo tu. Baadaye ukaja ujumbe: "Dada, sauti imenikauka. Hata kunong'ona siwezi. Naogopa."

Shangazi yao alikuwa mshonaji, na pia alitoa majini, kazi mbili ambazo kwa maneno yake zote ni za kuziba matundu. Alimsikiliza Sikio akiwa na pini midomoni, kisha akazitema kiganjani.

"Alipouliza, nani alijibu?"

"Wote, shangazi. Mtu akisema 'mnanisikia', tunasema 'tunakusikia'. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi nzuri hiyo. Mnaulizwa na msiyemwona, mnaitikia kama kasuku." Akashusha sauti. "Jini haingii bila kukaribishwa, mwanangu. Amevaa sauti ya mdogo wako, na kila jibu ni kifungo mnachomfunga. Kesho asijibiwe na mtu. Mmoja tu akae amsikilize, maana asiyesikilizwa hajui kuwa amenyimwa. Akichoka, ataivua."

"Na akijibiwa?"

"Hairudi. Na aliyejibu naye ajiangalie koo lake."

Kesho yake Sikio aliwatangazia watu kwamba mitambo inatengenezwa na kikao hakuna. Akamwandikia mdogo wake asiguse kompyuta. Akafunga mlango, akavaa hedifoni, akasubiri.

Ilikuja bila mlio. "Dada, unanisikia?" Laini, safi, ndani kabisa ya sikio, kana kwamba midomo imemgusa. Akauma ulimi. Harufu ya nywele ikajaa chumba. "Dada, kuna giza huku, unanisikia?" ikasema, kisha ikaanza kulia, ikalia kama mdogo wake alivyolia siku ya kumzika mama, kwikwi zile zile, ikamwomba aseme neno moja tu, hata "mm", ikamuuliza kwa nini anamwacha yeye aliyeachwa na wote, na waya wa hedifoni ukapata moto shingoni mwake, na kitu kikapumua nyuma ya kiti mahali ambapo palikuwa na ukuta, naye Sikio akaendelea kukaza meno huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akijua kuwa akifungua mdomo hata kwa kupiga chafya amemmaliza mtoto wa mama yake.

Kisha kimya. Harufu ikapungua. Skrini ikabaki tupu.

Alikuwa bado anafuta machozi simu nyingine ilipoingia. Picha iliganda, ikakatika, ikarudi nusu uso. Alama mbovu. Kuchelewa, kama siku zote. Sauti ilipofika ilikuwa inakwaruza, imechanika vipande viwili pale pale inapozoea kuchanika:

"Da... da, unani... sikia?"

Vumbi la safari lilikuwapo lote. Kizuri hakikosi ila, na hii ilikuja na ila zake zote, kila moja anaijua. Moyo wa Sikio uliyeyuka kwa furaha.

"Nakusikia, mdogo wangu," akasema. "Nakusikia."

Simu ya mkononi ikatetemeka mezani.

"Dada, huku umeme ulikatika tangu asubuhi, mtandao wa ofisi hakuna kabisa. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, nilikohoa nikajisikia. Sasa hivi imekatika tena. Kuna mtu amemjibu?"

Akainua macho. Kwenye skrini alama zilikuwa zinapanda, moja baada ya nyingine, mpaka zote. Kule kuchelewa kukapungua mpaka hakuna. Jini alikuwa amejifunza kuchelewa.

Sikio akafungua mdomo kumwita shangazi, kumwita yeyote. Ilitoka pumzi tu. Akakimbilia mlangoni, akaupiga kwa viganja, na kitasa hakikuzunguka.

Huko nje, kwenye kompyuta za meza zote, sauti yake mwenyewe ilisikika, changamfu, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Halo, jamani, mitambo imepona. Mnanisikia?"

Na ofisi nzima, kwa kicheko, ikajibu.